Nilivyompigia Nyanya Yangu Mstari Kwenye Kitabu cha Mahindi ya Msaada

Wakuu, salamu kutoka milimani. Hii hakunisimulia mtu, ilinipata mimi mwenyewe. Pale nitakapojipendelea mtanisamehe, lakini kuongeza chumvi siongezi.

Ilikuwa miaka ya tisini, chini ya Silibwet, kule majani chai yanaanza kupungua na mahindi yanachukua nafasi. Mwaka huo mvua ilitupa mgongo. Watu wa Kericho waliozoea kunyeshewa kila alasiri hawataamini, lakini kwetu mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti.

Serikali ikaleta msaada. Yale mahindi ya njano.

Tuliyatukana sana, eti ni chakula cha ng'ombe wa Wazungu, huku tumepanga foleni tangu alfajiri.

Halafu ikaja amri kwamba bure imeisha. Anayetaka mahindi atatengeneza barabara siku tatu kwa wiki. Assistant chief wetu aliitangaza barazani. Pale sote tulikuwa Wakipsigis, lakini amri alizitoa kwa Kiswahili, ndiyo zionekane zimetoka juu.

"Serikali si mama yenu! Mtu hashiki jembe, hakuna kukula!"

Mimi nilikuwa nimemaliza form four na sina kazi, kwa hivyo nikafanywa karani. Kitabu, kalamu mbili, na mgao wangu wa mahindi bila kuchafua viatu. Nilijiona D.O. mdogo kabisa, yaani bosi wa tarafa nzima.

Siku ya kuandikisha, Assistant akasimama nyuma yangu akisoma majina. Akagonga moja kwa kidole.

"Huyu atachimba nini?"

Alikuwa kogo wangu, yaani nyanya, mama ya baba. Goti lake moja lilikuwa limekataa kukunjika kitambo. Nyumbani kwake alikuwa akilea watoto wawili wa marehemu shangazi yangu, na mahindi yale ndiyo yalikuwa chakula chao. Hakukuwa na kingine.

Nikamfuta.

Wakuu, hapo sitapamba. Sikubisha hata neno moja. Nilichukua rula nikapiga mstari ulionyooka, ili kitabu kisiharibike. Nikafuta na wengine kumi, wazee na wagonjwa.

Siku ya kugawa nikamwambia jina halipo. Aliniangalia, akakunja gunia lake, akashika njia. Jioni nikampelekea mahindi kidogo kutoka kwa mgao wangu. Akasema kupitia dirisha kwamba ameshalala. Jua lilikuwa bado linawaka.

Tuliendelea hivyo wiki mbili. Majirani walikuwa wakimpelekea viazi. Mimi nilikuwa nikipita njia ya mbali nisikutane naye.

Wiki ya tatu Assistant akapata akili, na hapo ndipo alipokosea. Barabara ilipita kando ya shamba lake la chai, na shamba lilikuwa limejaa magugu.

"Leo mpalilie hapa kidogo. Ni kazi ile ile."

Watu kama sitini wakaingia bila kunung'unika. Kina mama hata waliimba. Mimi nikaandika kitabuni kama kawaida: tarehe, idadi, mahali.

Sasa wageni wa huku niwaeleze. Kwetu ukiita watu shambani kwako, unawalisha. Jembe likiwekwa chini, wanakuja kwako wanakaa, na unatoa ugali, mursik yetu, yaani maziwa ya kibuyu, na nyama kama wewe ni mtu wa maana. Wazee wa mtaa nao huja kula, na hakuna anayewauliza wamelima mstari gani. Ukifukuza watu siku kama hiyo, ukifiwa utachimba kaburi peke yako.

Saa saba kazi ikaisha. Hakuna aliyerudi barabarani. Wote sitini wakaingia kwa boma la Assistant wakakaa kwenye nyasi. Mmoja akaenda kuita wazee, na kogo akaja na mkongojo wake, amejifunga leso safi.

Assistant akaja mbio.

"Nyinyi mnataka nini hapa? Hii ni kazi ya serikali! Chakula yenu ni ile mahindi!"

Mama mmoja akamuuliza kwa upole, "Kwani hiyo chai ni ya serikali?"

Mke wake, mama aliyemshinda akili mara tatu, alikuwa tayari ameweka sufuria kubwa jikoni. Akamwambia mbele yetu sote, "Wewe wacha kelele, chinja kondoo."

Nyama ilikuwa inapakuliwa Land Rover ya D.O. ilipoingia. Alikuwa amekuja kukagua barabara akakuta wilbaro peke yake.

"Hawa wote ni nani, Assistant?"

"Ni wafanyakazi, sir. Wako lunch."

D.O. akaangalia chai iliyopaliliwa, akaangalia majembe, akaniangalia mimi.

"Karani, leo wamefanya kazi wapi?"

Assistant alinikazia macho. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Labda ni harufu ya kondoo.

"Kwa chai ya Assistant, sir."

D.O. akageukia kogo, aliyekuwa amepakuliwa wa kwanza na anashughulika na ubavu.

"Na huyu nyanya naye alipalilia?"

"Huyu ni... ni msimamizi, sir," Assistant akasema.

"Yuko kwa kitabu?"

"Alikuwa," nikajibu. "Mimi ndiye nilimfuta."

"Mwandike tena, kama msimamizi. Na wengine wote uliofuta. Assistant, tuonane ofisini Jumatatu."

Wiki iliyofuata barabara yetu ilikuwa na wasimamizi kumi na mmoja, labda kuliko barabara yoyote Kenya. Kogo aliichukulia kazi kwa uzito. Alikaa kwenye kigoda kando ya mtaro akitukana kila aliyeegemea jembe. Assistant naye hakufutwa kazi, msije mkadhani hii ni hadithi ya haki.

Siku ya mgao nilimbebea gunia lake mwenyewe mpaka nyumbani. Nilitaka kuomba msamaha, nikaishia kulitua gunia mlangoni. Yeye akafungua gunia, akajaza gorogoro moja, ule mkebe wa kupimia mahindi, akanisukumia.

"Chukua. Wewe pia hujashika jembe. Lakini kwangu mtu anakula."

Nilienda nyuma ya nyumba nikalia, kijana mzima na kalamu mfukoni.

Nilichojifunza ni kwamba amri hutoka mbali, lakini anayeshika rula ni mtu wa nyumbani. Na huyo hana wa kumsingizia.

Najua humu kuna watu waliokuwa makarani wa msaada miaka ile. Jitokezeni, msiogope. Nyinyi mlimfuta nani?