Mapipa Tisa ya Wiki ya Mafua

Kwenye geti la kiwanda chetu, tunakogeuza mafuta machafu ya jikoni kuwa dizeli, mpimaji alikuwa mama mmoja mfupi tuliyemwita Pua. Mashine ya kupimia ilikuwepo, ila haikuisha kuharibika, hivyo kila pipa lilipita puani kwake. "Haya yamekaanga samaki," alikuwa akisema, "tena samaki mwenyewe alikuwa ameanza kuchoka." Hakukosea. Kisha alijaza chupa moja kutoka kila pipa, akaiweka kwenye rafu, akasaini.

Tulipokea mabaki tu, tena kwa bei iliyozidi ya mafuta mapya. Mabaki yangemwagwa, kwa hiyo lori linaloyachoma linaipunguzia dunia hewa chafu. Ukichoma mawese mapya, mtu mahali fulani atafyeka msitu apande michikichi mingine, na hewa itakayotoka huko lori letu halitaifidia hata likitembea miaka. Wapo wanaoita yote mafuta safi. Wananiudhi sana.

Basi Pua akashikwa na mafua, wiki nzima hanusi hata kitunguu. Angelala nyumbani, lakini fundi na kiburi chake! Shemeji yake, mume wa mdogo wake, akaleta mapipa tisa. Pua akatazama rangi tu, akasaini.

Alipopona, alizifungua chupa za wiki ile bila kuagizwa na mtu. Tisa zilikuwa mafuta mapya, yamekolezwa rangi kwa mkate ulioungua.

"Nyamaza, dada," nikamwambia. "Yameshachomwa, nani atajua?"

"Mimi najua. Na nikinyamaza, kesho ataleta ishirini."

Kilichomtesa hakikuwa kazi. Mama yao alikufa mapema, na ni yeye aliyemlea yule mdogo wake, akimbeba mgongoni hadi shuleni. Kumshtaki mume ni kuibomoa nyumba ya mtoto wake mwenyewe.

"Mdogo wangu hajui lolote, maskini," akasema. "Ngoja nimwambie kwanza, asije akasikia kwa watu."

Akapiga simu palepale mezani, kwa sauti ya upole, akaeleza yote. Jibu la mdogo wake nikalisikia na mimi:

"Dada, unadhani nani alimwambia kwamba una mafua?"

Pua akaiweka simu mezani. Nilimwonea huruma. Halafu akazipanga zile chupa tisa kwenye kreti, akaenda nazo kwa meneja.