Injini ya Baba Mkubwa

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili inanipandisha hasira hadi leo. Niliijua nikiwa binti mdogo, nyumbani kwetu Elerai, asubuhi Baba Mkubwa alipokuja na chenso yake, msumeno wa injini, kuukata mti wa mringaringa alioupanda baba yangu. Baba alikuwa amefariki kabla ya masika, na kaka yake huyo, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito, alisema mti ule ni mali ya ukoo na mbao zake zitatosha milango ya nyumba yake mpya. Mama alisimama mlangoni na kanga mabegani. Mimi nilijifungia kwenye karakana ya baba, nikaziba masikio, na mngurumo wa ule msumeno ukanifuata humo humo mpaka mti ulipoanguka na mabati yakatetemeka.

Humo karakanani ndimo ilimokuwa ndege. Baba alikuwa seremala, na jioni zake za mwisho alizitumia kuunda ndege ya mfano yenye mabawa ya juu na ya chini, ndefu kuliko kitanda changu, ya kuendeshwa kwa rimoti. Alinifundisha kurusha zile ndogo za betri, akaniahidi kwamba hii kubwa nitairusha mimi. Ilikosa injini tu. Baba Mkubwa aliingia kuchungulia, akaligonga bawa kwa kidole. “Hizi kuni za marehemu mtazitoa lini? Nikishabariki nyumba yangu nazichoma, nataka kuweka mbao humu.” Nikamwamkia shikamoo kama nilivyofunzwa, na moyoni nikaapa kwamba atainua shingo kuzitazama hizo kuni zake.

Injini ya ndege ya namna ile haichaguliwi kwa nguvu peke yake. Pua yake ni fupi, kwa hiyo injini ikiwa nyepesi mkia unalemea na ndege haishikiki. Ikiwa nzito mno, inachimba ardhi. Nikafanya kama baba alivyofanya kwa zile ndogo. Niliining'iniza darini kwa kamba, nikafunga mfuko puani, nikawa naongeza mawe mpaka ikakaa sawa. Mfuko ule nikaubeba hadi kwa muuza nyama, akaniachia mizani yake huku akinicheka, “We binti, leo unapika supu ya mawe?” Upande mmoja niliweka mawe, upande wa pili injini nilizoazima kwa Fundi Rama, jirani yetu aliyekuwa akitengeneza mashine. Ya kufyekea nyasi ilikuwa nyepesi mno. Ya pampu ya bustani ikazidi. Ya chenso ya aina ile ile ya Baba Mkubwa, ikishavuliwa bapa na mnyororo wa kukatia, ikatulia sawasawa na mawe yangu. Fundi Rama akaniambia niichukue hiyo hiyo. Nikakataa. Nilitaka ile iliyokata mti wa baba, na sikutaka nyingine.

Kuipata hakukuhitaji wizi, ubahili wake ulinitosha. Chenso hunywa petroli yenye oili, lakini oili ilipomwishia Baba Mkubwa hakununua nyingine, akaijazia petroli tupu. Akiwa bado anaupasua mti wetu, injini ikakamata, ikagoma kuzunguka, pistoni ikaliwa. Akaitupa miguuni pa mama, mbele ya wapasua mbao wake. “Shika, shemeji. Kawauzie watu wa skrepa, upate ya chumvi.” Wakacheka. Mama akainama, akaiokota. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia siku ile, na sijawahi kufurahi namna ile pia.

Fundi Rama akabadilisha pistoni na ringi, tukaifunga injini puani pa ndege pamoja na pangaboi la kuivuta, tukaijaribu mbali na watu. Ikapaa. Kisha nikaifunika kwa turubai, nikangoja siku ya kubariki nyumba. Siku hiyo mchungaji alikuwepo, kwaya ilikuwepo, na milango ya mringaringa iling'aa vanishi. Nilisimama nje ya ua, nikaipitisha ndege juu ya migomba. Baba Mkubwa alikuwa ameshika mkasi wa kukata utepe. Aliitambua sauti kabla ya kuiona ndege, akainua shingo. “Hiyo chenso yangu! Wameniibia!” Mama akainuka kitini taratibu. “Shemeji, si ulinipa ya chumvi?” Wapasua mbao ndio walioanza kucheka, kwaya ikafuata, na mchungaji akajifanya anakohoa. Nikaizungusha tena na tena, mpaka petroli ikakaribia kwisha. Habari za kuni hazikutajwa tena nyumbani kwetu.

Leo mimi ni fundi wa ndege za kweli, zile ndogo zinazopita juu ya mabati ya Elerai zikipeleka watalii mbugani. Nimeshika injini nzuri nyingi, hakuna niliyoitamani kama ile. Uwanja tulioijaribia umejaa nyumba, na mahali pa mringaringa hapajaota kitu. Mwaka jana Baba Mkubwa, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alinijia na jani la sale mkononi. Kwetu sisi Wameru jani hilo ni ombi la msamaha, na halikataliwi. Nikamwamkia, nikalipokea kwa mikono miwili, nikamkaribisha chai. Kiti nilichompa kilikuwa chini ya ndege ya baba, inayoning'inia sebuleni kwangu. Akainua shingo, akaitazama.

“Bado inawaka?”

“Vuta kamba ya injini uone, Baba Mkubwa.”

Mkono wake ukainuka kidogo, ukarudi kwenye kikombe. “Hapana, mwanangu. Sauti yake naikumbuka.”

“Hata mimi,” nikamjibu, nikamwongezea chai.