Uchafu Niliotapishwa

Mwalimu wa biolojia alipopasua tumbo la sungura mezani, harufu ya majani yaliyooza nusu ilinifikia hadi dawati la nyuma. Wenzangu waliziba pua wakicheka. Mimi nilitoka mbio nikatapika kwenye maua ya mwalimu mkuu. Sikumweleza mtu kwa nini. Mimi si wa kueleza watu mambo, ndiyo maana naandika hapa.

Nilikuwa na miaka minane, nyumbani Tetu. Asubuhi moja nilitumwa kumpelekea babu yangu, guka, chai. Nilimkuta amelala, nikamshika mkono, nikakaa nikimsimulia habari za ndama wetu mpaka chai ikapoa. Kumbe guka alikuwa amekufa.

Wazee wa zamani walisema anayegusa maiti hushikwa na thahu, unajisi unaoambukiza watu na mifugo. Sisi tulikuwa watu wa kanisa, tena mama alikuwa mwanakwaya. Lakini yule ndama alipokufa wiki iliyofuata, baba mkubwa alininyooshea kidole. "Mnaona? Ati mtasema ni bahati mbaya? Huyu mtoto ametuletea thahu." Tangu siku hiyo nikapewa kikombe changu cha plastiki, na hakuna mwingine aliyekigusa.

Baba mkubwa akamleta mzee wa kutapisha thahu, mwenye viatu vya gambuti, koti la suti, na kucha nyeusi ndefu. Kondoo akachinjwa, tumbo likapasuliwa. Mzee akachota kwa mkono ule ujiuji wa kijani, bado unafuka mvuke, akauweka kwenye jani la mgomba. Nzi walifika kabla yangu.

"Lamba, uteme. Sema, natapika thahu."

Ulikuwa vuguvugu, mchungu kama nyongo, na vijiti vya nyasi vilinikwama menoni. Mama alinishika kichwa kwa nyuma nisikimbie. Mara ya saba nilitapika kweli kweli, hadi puani. Mzee akapiga makofi. "Imetoka!" Kisha akaomba mkia wa kondoo, akautafuna mafuta yakimtiririka kwenye ndevu, na kucha zile hata hakuziosha.

Ilitoka, walisema, lakini kikombe changu kilibaki peke yake. Nilisugua ulimi kwa sabuni ya kufulia. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia yule mzee. Niliamini nitazeeka hivyo, nikinuka tumbo la kondoo.

Siku chache baadaye jirani yetu, Mama Nyambura wa kikundi cha akina mama kanisani, alinikuta nyuma ya jikoni nikinywa uji.

"Mbona unajificha huku kama kuku mgonjwa?"

"Niko na thahu."

Alininyang'anya kikombe akanywa. Mama akatoka jikoni mbio. "Nyina wa Nyambura, usi—"

"Usi nini? Huu uji umekosa sukari tu." Akajifuta mdomo, akaniwekea mkono kichwani. "Yesu alishika mkono wa mtoto aliyekufa, akamwambia inuka. Alinajisika? Sema, mami: mimi ni wa Yesu, sina deni la thahu."

Nilisema kwa sauti ndogo. Sikutetemeka wala kuanguka. Lakini niliingia jikoni nikaketi kwenye benchi, katikati ya ndugu zangu, na nilipoulizwa nimeruhusiwa na nani kukaa pale nilijibu, "Yesu." Walinisogezea nafasi.

Kwa miaka nilidhani aliyekuwa amefungwa na thahu, akafunguliwa siku ile, ni mimi peke yangu. Likizo iliyopita, tukichambua maharagwe, mama aliniambia bila kuniangalia kwamba kabla ya kunishika kichwa mbele ya mzee alikuwa amejifunga leso mikononi, ngozi yake isiguse yangu. Mimi nilikumbuka tu kitambaa laini, nikadhani ananipapasa.

Alilia. Nilimshika mikono, mitupu, yenye vumbi la maharagwe, tukaomba pamoja. Nimemsamehe, na Mungu anajua nasema kweli. Ila nikikumbuka ile leso, mate hunijaa mdomoni, nami hulazimika kuyameza.