Upande wa Nyuma wa Pembe

Nasema wazi: vile vibao kumi na viwili vya pembe nilivichonga mimi. Si kaka yangu. Anayetaka kukasirika, akasirike.

Papa alikuwa fundi wa pembe hapa Kisangani, enzi za Zaire, wakubwa wote wakiwa ndani ya abacost, ile suti isiyo na tai. Aliwatengenezea viti vilivyopambwa kwa vibao vya pembe ya tembo. Nyuma ya kila kibao mchongaji alikwaruza alama zake, ili menuisier, seremala anayeunga kiti, ajue kipi kinakaa wapi. Papa alikwaruza mistari, kaka yangu vitone. Siku moja shuleni mwalimu wa histoire alituonyesha picha ya kitanda cha mfalme wa Ashuru: pembe tupu, ng'ombe akimlamba ndama wake. Akasema nyuma ya vibao vile pia kuna alama za mafundi. Nilikimbia kumwambia papa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe hata kule menuisier walikuwa wanachanganya!"

Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka, na mkubwa mmoja wa chama alikuwa ameshaagiza kiti. Kaka yangu, bon, yeye alipenda suruali zake kuliko patasi. Nikaishika mimi, vibao vyote kumi na viwili. Mafundi wenzake papa wakanicheka: mwanamke akigusa pembe, inapasuka! Haikupasuka. Juu kabisa, pa kuegemeza kichwa, nilimchonga mbuzi wa jirani akimlamba mwanawe. Nyuma nikakwaruza alama yangu, mchoro wa kitana.

Siku ya kuchukua kiti, mkubwa akauliza nani amechonga. Kaka yangu akajipeleka mbele.

"Ni miye, citoyen commissaire."

Papa akainamisha kichwa.  Miezi mitatu ya vidole kutoka damu, na huyu anajibu!

"Toeni kile cha juu," nikasema. "Tuangalie nyuma."

 Papa mwenyewe akachukua kisu, akamng'oa mbuzi polepole, akamgeuza. Kitana. Njia ya mwongo ni fupi. Kaka yangu akatazama viatu vyake.

Mkubwa alinipima kwa macho kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mwanamke? Rudisheni hiyo. Watu wakiuliza, ni mwanaume alichonga."

Akatoka kungojea garini. Kaka yangu akanyoosha mkono. Papa akampita, akanipa mimi kibao na gundi.

"Weka weye mwenyewe, mama."

Nikaweka. Mbuzi ndani, kitana nje, mbele ya macho ya kila mgeni atakayeingia salon, sebule ya yule bwana.

"Mama e!" menuisier aliyeunga kiti akashika mdomo.

Kwa kitana kile papa angeweza kulala gerezani, na alijua. Alikitazama sana. Kisha akaweka kiganja chake kinachotetemeka juu ya alama yangu, akakandamiza mpaka gundi ikashika.