Leso Kwenye Boneti

Wakati wetu, gari likiharibika halikupelekwa popote. Lilitengenezwa pale pale lilipozimika, na kama lilikuwa na heshima kidogo, lilizimikia nyumbani. Ninyi mliokulia Kisumu miaka ile ya sabini mtakumbuka kwamba kila mtaa ulikuwa na gari moja lililoinuliwa juu ya mawe, na miguu ya mzee fulani imechomoza chini yake. Jumamosi harufu ya grisi ilichanganyika na ya samaki wa kukaanga, nasi tulicheza kati tukikwepa ndoo za maji ya kutu. Tulizijua spana kwa namba zake kabla hatujajua kuzidisha kwa saba. Watoto wa siku hizi ukiwaambia wafungue boneti wanatafuta kitufe, na wakishaifungua wanapiga picha.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Gari letu lilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya maziwa aliyoinunua kwa mkulima mmoja wa miwa huko Muhoroni, kwa hiyo tuliiita Nyar Muhoroni, yaani binti wa Muhoroni, jinsi Waluo tunavyomwita mke kwa jina la kule alikotoka. Ilikuwa na kiburi chake. Asubuhi za baridi ilikataa kuwaka mpaka ibembelezwe, na viti vyake havikuacha kunuka molasi hata baada ya mama kuvisugua kwa sabuni na majivu. Wakati ninaousimulia, pampu yake ya maji ilikuwa imeanza kulia. Pampu hiyo ndiyo inayoyazungusha maji kati ya injini na rejeta ili injini isichemke, na ikichakaa hupiga kelele na kuvuja. Baba alisikia vizuri sana. Alikwenda soko la Kibuye, akachagua nyingine kwenye rundo la vyuma, akaifunga kwa gazeti na kuiweka chini ya kitanda. Kisha akaendelea kuinywesha Nyar Muhoroni maji kila asubuhi, akisema ataibadilisha pampu Jumamosi. Jumamosi zilikuja, ila kila moja ilikuja na mpira uwanjani.

Basi mama akajifungua kitinda mimba wetu, Omondi, na mama yake mama akatuma neno kutoka Seme kwamba anakuja kumwona. Tulimwita Dani, kama Waluo wote wanavyomwita nyanya. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya kulima, na kicheko chake kilikuja kwa nadra lakini kikija kilikaa.

Hapa lazima niwakumbushe wenye kusahau. Mkwe na mama mkwe wake, kwetu, walikuwa watu wa kuogopana. Hawakula meza moja. Mkwe hakuonekana mbele ya mama mkwe akiwa amevaa ovyo, na maneno baina yao yalikuwa machache, ya salamu na ya kuagana. Juu ya yote hayo, mama mkwe hakulala katika nyumba ya mkwewe. Hilo halikuwa jambo la kupenda au kutopenda. Dani angefika asubuhi, angembeba mtoto, angekula na binti yake chumbani, na kabla jua halijazama awe amerudi kwake.

Mtu mwenye busara angemwacha aje kwa basi. Lakini Baba alikuwa na gari, na hakuweza kuvumilia watu wa Seme waone mama mkwe wake anashuka kwenye basi na kuku kwapani wakati mkwe ana pikapu. Tukaondoka alfajiri kumchukua. Mimi nilipelekwa kwa kazi maalumu. Pikapu ina kiti kimoja kirefu mbele, na Dani hangeweza kukaa bega kwa bega na mkwe wake, wala hangeweza kuwekwa nyuma kama gunia la mtama. Kwa hiyo nilikaa katikati. Njia nzima nilikuwa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa na miaka kumi na ulitaka kwenda haja ndogo.

Tulipofika Otonglo, Nyar Muhoroni akatoa mvuke. Baba akasimama, akaomba maji kwa mama mmoja muuza ndizi, akayatia kwenye rejeta, tukaendelea. Tukasimama tena, na tena. Dani alitazama mbele kana kwamba hajaona kitu. Tulipoingia uani kwetu maji yalikuwa yanatiririka chini ya injini, na ile sauti ya kulia ilikuwa imegeuka kuwa ya kusaga. Jua lilikuwa utosini. Jumamosi basi la mwisho la Seme liliondoka mapema, nalo lilikuwa limeshakwenda, na wanaume wote wa mtaa walikuwa wamekwenda mpirani, hata wale wasiopenda mpira.

Jirani yetu, Mama Achieng', aliingia kusalimu, akaona hali, akasema kwake kuna kitanda. Dani alimshukuru kwa adabu. Alipotoka, Dani akamwambia mama, "Nilale kwa jirani, nyumba ya mtoto wangu iko hapa? Seme yote itasema mkwe amenifukuza. Jua ikienda nitatembea." Akafunga kikapu chake na kukiweka mlangoni. Hakuna aliyedhani anatania. Mama alianza kulia chumbani, kwa kuwa alijua mama yake angeondoka kweli kwa miguu gizani, na kwamba Baba hangeweza kumtazama mtu usoni baada ya hapo.

Baba alivua shati la kanisani, akavaa kaptura iliyotoboka na fulana ya ndani, akaingia chini ya gari. Kwa sababu ya hiyo kaptura, Dani aligeuza kiti chake, mgongo ukaelekea dirishani. Nikawa mjumbe.

"Atieno, ambia baba yako nimesikia kitu imeanguka."

"Ambia Dani ni spana tu."

Nilikimbia kati ya mlango wa nyuma na wa mbele mpaka kuku wakanizoea. Kazi ilianza vizuri. Maji yalimwagwa, mkanda ukalegezwa, feni ikatoka, pampu ya zamani ikatoka nayo ikiwa na uso wa kutu. Baba alikwangua mahali ilipokaa kwa kisu cha jikoni, kisu ambacho mama alikitafuta wiki nzima. Gasketi, ile karatasi nene inayokaa kati ya chuma na chuma ili maji yasivuje, haikuwapo, kwa hiyo alichana boksi la sabuni. Aliilaza karatasi juu ya pampu mpya na kuigonga kingo zote kwa nyundo polepole mpaka ikajikata yenyewe kwa umbo la chuma, kisha akaipaka grisi. Kila mwanamume wa wakati ule aliweza kuikata. Nilifikiri ni jambo ambalo baba wote huzaliwa wakilijua.

Tatizo lilikuwa kufunga. Injini ile ilitaka mtu wa juu aikandamize pampu mahali pake, gasketi isisogee, wakati mtu wa chini anatafuta matundu na kuingiza boliti. Mtu wa juu nilikuwa mimi. Nilisimama juu ya ndoo, nikanyoosha mkono, nikafika, lakini nguvu zilibaki kwenye ndoo. Pampu ikaanguka na gasketi ikachanika. Baba akakata nyingine. Hiyo nayo ikachanika. Alipoanza kuikata ya tatu, boksi lilikuwa limebaki kipande tu, na kivuli cha choo kilikuwa kimefika kwenye magurudumu. Mama aliita kutoka kitandani kwamba anaamka aje kushika.

"Wewe lala," Dani akamwambia. "Umezaa juzi."

Akainuka. Akachukua leso moja ya mama kwenye kamba ya nguo, ya rangi ya machungwa, akanipa, akanionyesha kwa kidole mahali pa kuifunga. Nilifunga ncha moja kwenye pembe ya boneti iliyoinuliwa, na nyingine kwenye kioo cha pembeni, ikaning'inia kama pazia. Baba alipoona leso ile inashuka, aliiacha nyundo. Aliivuta kaptura yake ingawa hakuna aliyekuwa akiiona.

Dani alisimama upande wake wa leso, akapitisha mkono chini yake mpaka kwenye injini. Mkono ule mrefu ulifika bila ndoo.

"Ambia baba yako nimeshika."

"Ambia Dani asukume kidogo juu."

Walikuwa wametenganishwa na kitambaa tu, kila mmoja akimsikia mwenzake vizuri, lakini maneno yote yalipitia kwangu, nami niliyarudia kwa sauti ya darasani. Boliti ya kwanza ikaingia. Ya pili ikakataa, pampu ikaanza kuteleza, na nikasikia gasketi ikikwaruza. Baba hakuningoja.

"Mama, usiachilie."

"Siachilii, baba. Funga."

Nilishika mdomo. Sikuwahi kuwasikia wakisemezana hivyo. Niliona kidole cha Dani kimebanwa kati ya chuma na chuma, na uso wake umekunjamana, lakini mkono haukutikisika. Spana ilizunguka, ikazunguka. Boliti zilipoingia zote Baba akazikaza kwa zamu, huku na huku, ili gasketi ilale sawasawa. Kisha Dani akautoa mkono wake, mweusi mpaka kwenye kiwiko, akarudi ndani, akakaa tena kwenye kiti chake kilichotazama ukuta.

Injini ilipowaka na maji hayakuvuja, Baba hakushangilia. Alijisugua kwa mafuta ya taa na sabuni, akavaa shati, tai na koti, koti la harusi yake lililombana, akasimama kando ya mlango wa gari akitazama chini mpaka mama mkwe wake apande. Nikaingia katikati. Tulipita Otonglo bila kusimama, na tulipofika Seme jua lilikuwa bado limebaki juu ya ziwa, jekundu, la kutosha kwa watu wote kuona ni nani aliyeshuka kwenye gari la nani.

"Atieno," Dani akasema akiwa amekwisha kushuka, "ambia baba yako gari yake inatembea vizuri."

"Ambia Dani," Baba akasema, "aliyefunga ni yeye."

Dani alicheka, na kicheko chake kilikaa mpaka tukageuza gari. Ile leso haikutoka grisi kamwe. Mama aliivaa hivyo hivyo akienda Kibuye, na akiulizwa alisema ni kazi ya mama yake.

Sasa mimi mwenyewe ni mama mkwe. Juzi nilikwenda Nairobi kumwona mjukuu. Mkwe wangu ni kijana mzuri, sina neno baya juu yake. Alinifungulia mlango akiwa na kaptura, nzima lakini fupi kuliko ya Baba, akanikumbatia, akaniita Mum. Tulikula meza moja, akaniongezea nyama kwa mkono wake. Gari lao lilikuwa na kelele mahali fulani. Alibonyeza simu, kijana akaja akalichukua, na hakuna aliyechafuka. Nilipewa chumba chenye kitanda kizuri, nikaambiwa nikae hata mwezi. Nilifurahi, na magoti yangu yalifurahi zaidi. Siombi miiko ile irudi. Ilimchosha mama, ilimtesa Baba.

Lakini jioni, mwanga ulipoanza kupungua kwenye pazia la sebule, nilijikuta nimekaa karibu na mlango, mkoba umefungwa mapajani, nikisikiliza kama kuna injini inayowashwa. Mkwe wangu alikuwa kwenye kochi akitazama mpira. Aliniuliza kama ninahitaji kitu, nikasema hapana. Jua lilizama tu, na katika nyumba ile hakukuwa na mtu aliyekuwa akilitazama kwa ajili yangu.