Siku Issa Aliponyamaza

Moshi wa korosho zinazochomwa hauna adabu, wajukuu zangu. Unaingia puani, unashuka kifuani, unakukohoza mpaka machozi. Nikiusikia hapa Mkunya namkumbuka Issa, mdogo wangu, aliyekuwa hajatimiza miaka miwili.

Msimu ule mafua yalipita nyumba hadi nyumba. Nikaumwa mimi, akaumwa mama, tukapona. Issa akabaki na homa na kikohozi. Lakini msimu wa korosho kila mtoto anakohoa, nani angehesabu?

“Moshi tu huo, Mama Zuhura,” jirani yetu Mama Fadhili alimwambia mama. “Wangu mbona anakohoa kama mzee wa ugoro.”

Siku ya nne maji yakaisha. Huku juu mlimani hakukuwa na kisima. Wanawake waliteremka bondeni alfajiri, wakarudi jua limeshapanda. Mama akanifunga Issa mgongoni. Nilikuwa na miaka minane hivi.

“Akilia mbembeleze, umpe uji.”

Alilia kidogo, kilio cha kukwaruza, kisha akanyamaza. Uji ukamtoka mdomoni. Nikazunguka naye uani nikijiona mama mzima. Mgongo uliniungua kwa joto lake, na pumzi zake zilinipiga shingoni harakaharaka, kama za mbwa aliyetoka kukimbia.

“We Zuhura, umempa nini huyo?” Mama Fadhili akanitania. “Wangu kanitoa roho tangu asubuhi.”

“Mie najua kubembeleza,” nikamjibu.

Mama akarudi, debe kichwani.

“Amenyamaza saa ngapi?”

“Zamani, mama. Tangu ulipoteremka.”

Nikangoja kusifiwa. Mama hakulitua debe, aliliachia, maji yote yakamwagika. Akamfungua Issa. Midomo ilikuwa ya kijivu, mbavu zikibonyea kila akivuta pumzi. Mume wa Mama Fadhili, Mzee Bakari, akawapakia kwenye baiskeli kwenda hospitali Newala. Walirudi kwa miguu wakiikokota, mama amemfunika Issa uso.

Nilikuwa na watoto wangu mwenyewe nesi alipotufundisha kliniki: mtoto wa mafua akipumua mbio, akakataa kula, akalegea kimya, mkimbizeni. Anayelia bado ana nguvu. Siku hiyo nililia njia nzima.

Tangu tulipomzika Issa, mama hakuniuliza tena habari za siku ile. Alipojifungua mdogo wangu Somoe, arobaini ilipokwisha, alimfunga mtoto mgongoni mwangu, akakaza fundo mara mbili, akachukua debe, akateremka bondeni bila kugeuka nyuma. Nilidhani hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Kumbe Mama Fadhili alikuwepo pale pale, siku zote.