Alama za Penseli kwenye Negativu za Baba

Baba alituachia mkebe wa biskuti uliojaa negativu, zile filamu za picha za zamani. Kabla sijazaliwa alikuwa na studio ya picha kule Changamwe, akaifunga nikiwa bado sijaanza shule, na mkebe ule ukakaa juu ya kabati la mama hadi mwaka jana, mvua ilipovuja darini. Niliuchukua kwangu Mjambere kabla haujaoza, nikaazima mashine ya kuskani kwa mwalimu mmoja wa shule ninayofanyia kazi. Mimi ni mtunzaji wa maabara. Spiriti, pamba na glavu ndiyo kazi yangu ya kila siku, kwa hiyo sikuona haja ya kumuuliza mtu namna ya kusafisha filamu.

Jumamosi asubuhi nilitandika shuka safi mezani. Zile zilizokuwa zikinuka siki nilizitenga, maana niliwahi kusoma kwamba filamu inayonuka hivyo imeanza kuoza, na huiambukiza jirani yake. Zilizobaki nilizipuliza vumbi kwa kipira cha hewa, nikazipitisha brashi laini ya nywele. Hapo ndipo ningeishia. Lakini niliinua moja kwenye mwanga wa dirisha nikaona usoni pa mwanamke aliyepigwa picha kuna ukungu wa kijivu. Nikachovya pamba kwenye spiriti nikafuta, upande unaong'aa na upande uliofifia, taratibu kabisa. Pamba ikatoka na weusi. Nilifurahi kama mtu aliyeng'arisha sufuria.

Nilipoiskani, furaha ikaniisha. Kwenye kioo cha kompyuta alitokea mwanamke wa makamo, mtandio umeangukia mabegani, mkono mmoja juu ya meza ndogo yenye maua ya plastiki. Uso wake ulikuwa na vishimo kuanzia kipaji hadi kidevuni. Nilijua nimeiharibu. Spiriti imekula dawa ya filamu, nilijiambia, nikaitupa ile pamba.

Kilichonishangaza ni nguo. Mtandio ulikuwa mzima, kila uzi unaonekana. Maua yalikuwa mazima. Spiriti gani hii inayokula uso na kuacha maua?

Nikatoa negativu nyingine, safari hii bila kuigusa kwa pamba, nikaiweka juu ya kioo cha simu kilichowashwa mwanga mweupe, nikaitazama kwa kioo cha kukuzia. Ilikuwa ya kijana aliyevaa tai. Usoni pake, chini ya macho, au mato kama wasemavyo wazee wetu, na pembeni mwa pua, kulikuwa na vistari vidogo vidogo vya kijivu, vyembamba kuliko mguu wa sisimizi, vimepangwa kimoja kando ya kingine. Kwenye tai, hakuna. Kwenye pazia la nyuma yake, hakuna. Nikatazama ya tatu na ya nne. Uchafu hauchagui nyuso. Ile ilikuwa kazi ya mkono wa mtu.

Mtu pekee aliyebaki wa enzi za studio ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anayeishi Jomvu Kuu. Kesho yake nilikwenda na negativu nne ndani ya bahasha, ile niliyoifuta ikiwemo, na kompyuta mkobani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo ukae hapa penye upepo," aliniita, akinionyesha kiti.

Nilimpa ile ya kijana mwenye tai. Hakuuliza ni nini. Aliishika kwenye kingo kwa ncha za vidole, akaiinua kuelekea mlangoni, akaigeuza kidogo ubavu ili mwanga uipige upande. Nilivaa glavu kuzishika zile filamu, lakini sikuwahi kuzishika vizuri namna ile.

"Chunusi," alisema. "Huyu alikuwa na chunusi kama mchele. Nilimkalia asubuhi nzima."

"Wewe, shangazi?"

"Nani mwingine? Babako alikuwa na mkono wa kupiga picha. Mkono wa penseli hakuwa nao."

Miaka yote ile nilimjua kuwa mpishi wa mahamri na msomaji wa Kurani. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba nyuma ya pazia la studio alikaa yeye, penseli yake imechongwa kama sindano, akiziba makovu na chunusi za nyuso za watu. Nilimuuliza mambo kama mwanafunzi. Aliniambia kwamba kwenye negativu kila cheusi huwa cheupe, kwa hiyo kovu huonekana kama tundu la mwanga, na kazi yake ilikuwa kulijaza. Kwanza walipaka dawa nyembamba ili penseli ishike. "Na hiyo dawa," alisema, "adui yake spiriti."

Nilifungua kompyuta nikamwonyesha yule mwanamke, nikamweleza nilichofanya.

Alikisogelea kioo. Kisha akacheka kwa sauti ya chini. "Wallahi, ndiye huyu hasa! Ndui ilimpitia akiwa mdogo. Alikuja mwenyewe nyuma ya pazia akaniomba, nitoe makovu yote nisiache hata moja. Siku tatu, mwanangu. Nawe umezifuta kwa pamba."

"Nisamehe, shangazi."

"Nikusamehe mimi kwa lipi? Bintiye ndiye yule pale, nyumba ya pili."

Tulikwenda pamoja. Binti huyo sasa ni mwanamke mwenye wajukuu. Ukutani kwake ilining'inia picha ile ile, imekuwa ya manjano, pembe moja imeliwa na wadudu, na uso wa mamake ni laini kabisa. Nilimsalimu, nikamweleza kila kitu, nikamwekea kompyuta mapajani. Nilitarajia atalia, au atanishukuru kwa kumrudishia uso wa kweli. Alitazama kioo, kisha akainua macho kwa ile ya ukutani.

"Ndiye," alisema. "Hivi ndivyo alivyokuwa. Lakini mamangu aliitaka ile nyingine. Waweza kunitolea ile, mpya?"

Sikuweza. Nilikuwa nimeifuta.

Shangazi ndiye aliyesema tutajaribu. Tuliporudi kwake aliomba penseli, akaichonga kwa wembe, akaiweka negativu ya yule mwanamke juu ya kioo cha simu yangu. Alijaribu mara mbili, vistari vikaenda kombo, akaiweka penseli chini. Basi nikafanya mimi kwenye kompyuta, kwa kitufe kimoja, na vishimo vyote vikatoweka.

Shangazi alisogeza miwani. "Umemfanya yai," alisema. "Mtu hana ngozi ya yai. Rudisha."

Nilirudisha. Akavuta kiti karibu, akaanza kunielekeza kwa kidole, kishimo baada ya kishimo. Hapa ziba. Hapa punguza tu, ni kivuli cha shavu. Huo mkunjo wa mdomo uache, ndio kicheko chake. Adhana ya alasiri ilitukuta bado tuko kwenye kidevu, akaenda kuswali, akarudi tukaendelea. Nilijifunza jinsi uso unavyokaa zaidi ya nilivyowahi kujifunza kwa kutazama watu.

Juma lililofuata nilimpelekea binti picha iliyochapishwa, ndani ya fremu. Aliipangusa kwa kanga ingawa haikuwa na vumbi, akaitundika yeye mwenyewe. Nilimuuliza nifanye nini na ile yenye makovu.

"Iweke," alisema. "Lakini usiitie kwenye simu za watu."

Nimeiweka. Siku hizi nikifungua mkebe napuliza, napitisha brashi, kisha naigeuza filamu ubavu nione kama penseli imepita. Ikiwa imepita, pamba hainyanyuki. Zimebaki kama themanini hivi, na kila Jumapili nampelekea shangazi kumi anielekeze. Nyingine anaitazama tu, akatikisa kichwa, akasema huyo hakuhitaji kitu.